UDONGO WA MPALA NA WATU WAKE
Hotuba iliyosomwa na Makatekista siku ya Jubilei ya Misioni



Baraza la parokia limetuagiza sisi makatekista kusimulia habari za kijiji hiki, namna kilivyozaliwa na namna kilivyolimwa. Tumeambiwa pia tusirefushe, kwa maana akina mama wameshapika na bukari haipendi kungoja. Tutajitahidi. Lakini mtuvumilie kidogo, kwani tuliposoma katika seminari ndogo tulijua kwa moyo majina ya wafalme wa Ubelgiji kabla ya kujua majina ya masultani wa udongo tunaoukanyaga. Deni hilo ni la zamani, na leo tunataka kulilipa walau kwa sehemu.

Tuanze na udongo wenyewe, maana ulikuwapo kabla yetu sote. Mpala iko pale mto Lufuko unapoingia katika ziwa Tanganyika. Nyuma yetu inapanda milima ya Marungu. Mbele yetu ni maji, na ng'ambo yake ni Karema ya Tanzania. Mto huo hushuka na matope meusi kutoka milimani na kuyalaza mahali pa chini, na kwa matope hayo watu wamekula tangu zamani. Mvua za kwanza huja mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Kabla yake, katika kiangazi, wanaume hukata miti na vichaka na kuvichoma. Wanawake hufuata na majembe. Wazee walipanda ulezi na mtama, na mihogo na mahindi vilipofika kutoka mbali vikachukua nafasi kubwa, hata leo mtoto akisikia neno chakula hufikiri mihogo. Tunaing'oa, tunailoweka majini hata uchungu utoke, tunaianika juu ya mawe, kisha kinu kinasema. Karanga, maharagi, viazi vitamu na majani ya sombe hukaa kando. Na ndagala wa ziwa, wanaovuliwa usiku wa giza kwa taa, ndio wanaomfanya mlimaji wa Mpala asiwe maskini kabisa hata mwaka mvua ikimsaliti.

Hayo mnayajua nyote. Tumeyataja kwa ajili ya wageni, na pia kwa sababu kila ugomvi tutakaousema baadaye umetoka katika kipande hicho cha udongo mweusi kando ya mto.

Wenye udongo huu ni Watabwa. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na usultani hutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Kila ukoo uliwakumbuka wafu wake, nao walichonga sanamu za miti zenye alama usoni na mgongoni, zilizochongwa kwa uzuri ambao mafundi wa leo hawaufikii. Makatekista waliotutangulia waliwaambia watu wazitupe au wazichome. Walifanya hivyo kwa imani, wala hatuwahukumu. Lakini ni lazima tuseme pia kwamba nyingi ya zile ambazo hazikuchomwa zilivushwa bahari, na mtu wa Mpala anayetaka kuona kazi ya mikono ya babu zake sharti apate pasaporti. Padri mmoja rafiki yetu alitucheka tuliposema hivyo, kisha alinyamaza.

Katika miaka ile ya 1870 na 1880, nchi hii haikuwa na amani. Misafara ya wafanya biashara wa pwani na Waungwana wao ilikuwa imevuka ziwa kutafuta pembe na watu. Tusidanganyane hapa: hawakufanya kazi hiyo peke yao. Baadhi ya masultani wa kwetu waliwasaidia, wakajipatia bunduki na nguo kwa kuwauza jirani zao. Lusinga, aliyekaa milimani si mbali na hapa, alijulikana kwa hayo. Mashamba ya vijiji vingi yaliachwa, na watu walilala katika maboma ya miti.

Siku ya 4 ya mwezi wa tano 1883 alifika Émile Storms, askari wa Ubelgiji, aliyetumwa na Shirika la Kimataifa la Afrika la mfalme Leopold wa Pili. Alitoka Karema kwa mashua. Sultani Mpala alimpokea, wakanywa damu, wakawa ndugu. Watu walimwita Storms Bwana Boma, kwa sababu ya ngome aliyoijenga. Mwezi wa kumi na mbili 1884 watu wake walimshambulia Lusinga, wakamwua, wakamkata kichwa wakamletea bwana wao. Na bwana wao alikichukua kichwa kile mpaka Ulaya.

Ndugu, sehemu hii ya habari sisi makatekista hatukuisimulia katika mafundisho. Tulisema kwamba Bwana Boma alikuja, kisha mapadri wakaja, kana kwamba mlango ulifunguliwa kwa ufunguo tu. Mwanachuoni wa Marekani, Allen Roberts, aliyeishi katikati ya Watabwa miaka ya 1970, aliwasikiliza wazee na kusoma barua za Storms, akaandika kitabu kizima juu ya mauaji yale mwaka 2013. Fuvu la Lusinga liliwekwa Bruxelles pamoja na mafuvu mengine, na sanamu moja ya ukoo wake iliwekwa katika jumba la Tervuren. Mwaka 2022 sanamu ya Storms iliyosimama katika bustani moja ya Bruxelles iliondolewa. Wengine kati yenu mmetuuliza: Je, Lusinga hakuwa mwuza watu? Ndiyo, alikuwa. Lakini hata mwuza watu ana wapwa, na wapwa wana haki ya kujua mahali alipolazwa mjomba wao. Mzee mmoja wa milimani alituambia kwamba maiti isiyo na kichwa haina usingizi. Hatukupata jibu la katekismu la kumpa.

Sultani Mpala mwenyewe alikufa kwa ndui mwaka 1885. Mwaka ule ule mfalme Leopold alikuwa ameelekeza macho upande wa mto Kongo, akaona vituo vya ziwani ni mzigo. Ndipo Karema na Mpala vilipokabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika wa Kardinali Lavigerie, wale tunaowaita Mapadri Weupe. Padri Moinet alikuja kuipokea Mpala mwezi wa saba 1885. Hiyo ndiyo mizizi ya Jubilei yetu, na sasa imepita miaka 140 tangu hapo.

Mapadri walikuta ngome, bustani na watu wenye hofu. Hawakuwa na jeshi. Mwaka 1887 alifika Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa, ambaye kwanza alikuwa askari wa Papa kule Roma. Alikaa Mpala, baadaye Mrumbi, akawafundisha vijana bunduki, akawazuia wateka watu kwa miaka mingi wakati msaada wa Ulaya ulipochelewa. Mwaka 1888 alimwoa Agnès Atakaye, binti wa Kiafrika, kwa ndoa ya kanisani, wala hakurudi tena kwao. Alikufa mwaka 1927 akiwa mzee kipofu katika nchi hii. Katika siku zile kulikuwa na Wazungu wengi waliokaa na wanawake wa kwetu, lakini waliowapeleka altareni walikuwa wachache sana. Jambo hili moja linatutosha kumheshimu.

Sasa tufike kwenye neno gumu.

Mapadri waliwakomboa watumwa. Maana yake, waliwanunua. Walitoa nguo na shanga kwa wenye misafara, wakawapokea watoto na wanawake, wakawalisha, wakawafundisha sala, jembe na useremala. Watoto hao walitoka Manyema, Urua, Ubembe na mahali ambapo wao wenyewe hawakuweza kupataja. Walipokua waliozwa wao kwa wao, na kila nyumba mpya ilipewa shamba karibu na misioni. Na shamba karibu na misioni ni wapi? Ni pale pale kwenye udongo mweusi wa Lufuko.

Hivi kijiji chetu kilizaliwa na mbegu mbili: watu wa udongo, waliokuwa na mababu hapa lakini walikuwa wamenyang'anywa amani, na watu wa misioni, waliokuwa na amani ya misioni lakini hawakuwa na kaburi hata moja la babu katika nchi hii. Wa kwanza waliwaambia wa pili: ninyi mmenunuliwa. Wa pili waliwaambia wa kwanza: ninyi ni wapagani. Maneno hayo mawili yalikaa vijijini kama nyoka wawili chini ya ghala moja. Neno la pili limekufa, kwa sababu wote tulibatizwa. La kwanza halijafa.

Mtusamehe tukisema wazi. Sisi tulioandika hotuba hii tu watano. Watatu ni wa koo za Kitabwa, na wawili ni vitukuu vya waliokombolewa. Tuliandika pamoja, na juu ya ukurasa huu tuligombana siku mbili. Mmoja wetu alisema: siku ya sikukuu haifai kufukua. Mwingine alijibu kwamba yeye hakuwahi kufukua chochote, bali husikia neno lile kila mwaka majira ya kulima yanapofika. Tulikwenda kutazama kitabu cha ubatizo cha zamani. Mahali pa jina la baba, kwa nyanya wa nyanya yake, paliachwa peupe. Padri aliyeandika alikuwa na mwandiko mzuri, na peupe pale pamekaa pazuri pia, kama shamba lisilopandwa. Baada ya kuona hilo yule wa kwanza alisema: basi, andikeni.

Na tazameni jambo la ajabu. Lugha tunayosema leo, ambayo kwayo tunasali na kuuza mihogo, huitwa Kingwana. Jina hilo limetoka kwa Waungwana, yaani watu wasio watumwa. Mapadri wa kwanza walijifunza sana Kitabwa. Padri Van Acker aliandika kamusi yake, ikachapishwa mwaka 1907. Lakini watoto waliokombolewa walikuwa na lugha kumi za mama, na lugha moja tu ya njiani, ile waliyoisikia katika msafara huku wamefungwa. Wakaifanya kuwa lugha ya nyumba. Wale walioitwa wamenunuliwa ndio waliosaidia kutuachia sote lugha ya watu huru. Watabwa wakaipokea, na Kitabwa kikabaki kwa wazee, kwa nyimbo za kulima na kwa matusi. Tunasikitika juu ya hilo, hasa juu ya nyimbo.

Juu ya shule tutasema machache, kwa kuwa Padri Mkuu wa parokia ataisimulia vizuri zaidi. Mwishoni mwa karne ile ya 19, Monseniori Victor Roelens, aliyeanzisha Baudouinville, yaani Kirungu, mwaka 1893, alikusanya vijana wa kwanza wa seminari hapa Mpala, na mwaka 1905 seminari ilihamia Lusaka katika milima. Mmoja wa vijana hao ni Stefano Kaoze, Mtabwa wa Marungu. Siku ya 21 ya mwezi wa saba 1917 aliwekwa padri, wa kwanza wa Kongo yetu katika nyakati hizi. Tangu mwaka 1910, alipokuwa bado mwanafunzi, maandishi yake juu ya mawazo ya Wabantu yalichapishwa Ulaya. Alikufa mwaka 1951, na mwaka 2017 maaskofu na waamini wa Kongo walikumbuka miaka 100 ya upadri wake. Alilima, alitembea kwa miguu, alifundisha. Watu wa udongo wanasema: ni wetu. Watu wa misioni wanasema: ni wetu. Kwa hilo tu, hatuna ugomvi.

Baadaye Serikali ya Wabelgiji ililetea walimaji mzigo mwingine. Tangu mwaka 1917 kulikuwa na amri ya kilimo cha lazima, na mtu alitakiwa kutoa siku hata 60 kwa mwaka kwa mazao yaliyoamriwa. Reli ilipofika Albertville mwaka 1915, vijana walianza kwenda huko, na wengine wakafika migodi ya Katanga ya kusini. Mashamba yakabaki kwa wanawake, na mpaka sasa yamebaki kwao. Ukisikia mwanamume wa Mpala akisema shamba langu, muulize jembe liko wapi.

Uhuru ulikuja mwaka 1960, na vita vya 1964 vikafuata. Mwaka 1972 tulikatazwa majina ya kikristu, na mwaka 1974 Noeli ilitolewa katika sikukuu za Serikali na shule zikachukuliwa mikononi mwa Eklezya hadi 1977. Wazee wetu makatekista waliendelea kufundisha chini ya mwembe. Mwaka 1984 na 1985 risasi zilisikika Moba. Kisha vita vikubwa vya 1998 hadi 2003, na hapo nchi ya Tanganyika ilikatwa vipande. Sisi tuliokuwa vijana wakati ule tuliwaona watu wakiondoka usiku na mitumbwi, wengine wakielekea Tanzania, wengine wakishuka kusini mpaka Zambia, katika kambi za Mwange na Kala. Mtu mmoja wa kwetu alikaa Zambia miaka tisa. Alikwenda na mke, watoto watatu, sufuria na mfuko mdogo wa mbegu za maharagi. Mbegu waliila mwaka wa kwanza. Alitusimulia hilo huku akicheka, akasema kwamba katika hadithi mbegu haziliwi.

Wakimbizi waliporudi, hasa kati ya 2007 na 2010, waliwakuta wengine katika mashamba yao. Hakukuwa na hati. Mipaka ilikuwa ni miti, na miti ilikuwa imechomwa makaa. Ndipo neno la zamani liliposikika tena: ninyi babu zenu walinunuliwa, mashamba haya mlipewa na mapadri, mapadri hawakuwa na udongo. Na jibu likawa: babu zetu waliyalima wakati babu zenu wamejificha milimani. Yote mawili yana ukweli ndani yake. Tena, ziwa lilipopanda miaka ya 2020 na 2021, na tena 2024, likaingia nyumba za Kalemie na Uvira na kula kingo za pwani yote hii, udongo wa chini ukapungua, na kila hatua moja ya shamba ikawa na bei ya damu.

Mwaka jana watu wawili wa koo hizi mbili walishikana kwa mapanga pale mtoni. Hakuna aliyekufa, Mungu ashukuriwe. Lakini mmoja hatashika jembe tena kwa mkono wa kuume. Wote wawili wanasali katika shirika moja, na watoto wao wanaimba katika kwaya mliyoisikia asubuhi.

Wazee walikaa miezi saba juu ya jambo hili. Sultani alitoa neno ambalo tunaomba lisomwe katika kitabu hiki cha Jubilei ili lisipotee. Alisema kwamba Mpala wa kwanza alikunywa damu na mgeni mwenye bunduki, akamwita ndugu. Basi haiwezekani kwamba watoto walioletwa na kamba shingoni wawe wageni zaidi kuliko huyo. Alisema pia kwamba udongo ni wa ukoo wake na utabaki wa ukoo wake, ila aliyeulima kwa vizazi vinne hafukuzwi, naye atatoa kikapu cha mavuno ya kwanza kama ilivyokuwa desturi. Upande wa misioni ulikataa kikapu. Walisema kikapu ni alama ya utumwa. Miezi mitatu ilipita juu ya kikapu kimoja! Mwishoni bibi mmoja mzee, wa upande wao, aliuliza kama kikapu kile kinaweza kuletwa kanisani siku ya mavuno, kibarikiwe na padri, kisha kiliwe na Sultani na watu wa misioni kwa sahani moja. Wanaume walitazamana. Hakuna aliyepata sababu ya kukataa, ijapokuwa wawili walitafuta.

Kikapu hicho ndicho mlichokiona leo mbele ya altare wakati wa matoleo, chenye mahindi na karanga. Mliwaona waliokibeba: mmoja alikishika kwa mkono wa kushoto.

Mipaka haijawekwa bado. Kesho, baada ya Misa ya kwanza, tutashuka Lufuko pamoja na Sultani, Padri, na nyumba zote kumi na nne zinazohusika, nasi tutapanda miti ya mipaka mmoja mmoja, kila mti mbele ya pande zote mbili. Katekista mmoja ataandika katika daftari, na nakala moja itakaa misioni, nyingine kwa Sultani. Wageni wanaotaka kufuatana nasi wanakaribishwa. Mvae viatu vya kufunga, maana majani bado ni marefu na usiku kulikuwa na mvua.